Nani Aliyeongoza Misheni ya Kilimanjaro?

Historia ya Kanisa Katoliki Uchagani huandikwa mara nyingi kama orodha ya maaskofu: Munsch, Gogarty, Byrne, Kilasara. Orodha hiyo ni ya kweli. Lakini anayeisoma peke yake atadhani kwamba Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipanda mlima wakiwa na mpango uliokamilika Paris, na wenyeji wakapokea tu walicholetewa. Ushahidi unasema vingine. Uongozi wa juu wa misheni ulibadilika bendera ya serikali ilipobadilika, na waliobaki palepale wakiishikilia kazi ni mamangi, yaani watawala wa Kichaga, waliotoa ardhi, makatekista na familia za vihambani, kwenye mashamba ya ukoo.

Shirika lilianzishwa Paris mwaka 1703 na Claude Poullart des Places, likaungana na lile la Francis Libermann mwaka 1848. Wamisionari wake walichukua kazi Zanzibar mwaka 1863, na mwaka 1868 wakafungua Bagamoyo, walikowalea watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1890 Askofu de Courmont, pamoja na mapadre Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger, alifika Kilema kwa Mangi Fumba na kupewa mahali pa kujenga. Kwa nini Kilema? Moshi, kwa Mangi Rindi, tayari palikuwa na Waanglikana wa shirika la CMS tangu mwaka 1885. Upande wa pili Marealle wa Marangu alikuwa akijenga nguvu zake kwa kuwategemea Wajerumani. Fumba alikuwa katikati ya majirani ambao kila mmoja alikuwa na mgeni wake, na mgeni wa aina hiyo alikuja na dawa, bidhaa na njia ya kusikilizwa na serikali mpya. Kumpokea ilikuwa siasa, tena siasa ya busara. Kibosho ilipata misheni mwaka 1893, miaka miwili tu baada ya majeshi ya Wajerumani kumshinda Mangi Sina. Rombo ikafuata mwaka 1898. Walutheri wa Leipzig, waliofika mwaka huohuo wa 1893, walianzia Machame. Ramani ya madhehebu iliyopo mlimani hadi leo, Kilema, Kibosho na Rombo kwa Wakatoliki, Machame na Marangu kwa Walutheri, imefuata kwa sehemu kubwa mipaka ya mamangi wa wakati ule.

Sasa tazama viti vya juu. Shirika lilikuwa la Kifaransa, mlima ukawa wa Wajerumani. Kilichosaidia ni kwamba wamisionari wengi wa shirika walitoka Alsace, jimbo ambalo Ujerumani ililitwaa kutoka Ufaransa mwaka 1871, na hivyo waliweza kufanya kazi chini ya Mjerumani bila kuonekana maadui. Vikarieti ya Kilimanjaro ilipoundwa mwaka 1910, Aloys Munsch akawa kiongozi wake wa kwanza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza, watawala wapya, waliwafukuza Walutheri wa Kijerumani, na haikupita miaka mingi kiti cha Munsch kikaenda kwa Henry Gogarty wa Ireland, mwaka 1923, kisha kwa Joseph Byrne, naye Mwairishi, aliyekaa hadi mwaka 1959. Serikali ya Uingereza ilitoa ruzuku kwa shule zilizofuata masharti yake, na Wairishi wa shirika hili walikuwa wakiendesha shule za Kiingereza Dublin tangu mwaka 1860. Walifaa kwa wakati huo.

Mtu anaweza kupinga kwamba bila viongozi hao kusingekuwa na chochote. Le Roy, yuleyule wa Kilema, alikuwa Mkuu wa Shirika lote kuanzia 1896 hadi 1926. Aliujua mlima, na ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kugawa watu. Hilo nalikubali. Lakini padre hakuweza kuwa katika kila kigango. Aliyefundisha sala jioni, aliyebatiza mahututi, aliyepatanisha ndoa, alikuwa katekista wa ukoo uleule. Hata kahawa inaonyesha jambo hili: misheni ya Kilema inatajwa kati ya waliotangulia kuipanda, lakini iliyoifanya kuwa uchumi wa mlima ni mikono ya wakulima, waliounda chama chao mwaka 1925 na kukigeuza chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine: kama wenyeji walikuwa nguzo, mbona Mchaga hakukalia kiti cha uaskofu hadi mwaka 1960, miaka 70 baada ya Kilema? Wengine hujibu kwamba Kanisa lilikuwa bado changa. Bukoba inalikataa jibu hilo. Huko Mapadre Weupe, shirika jingine la wamisionari, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, baada ya Kilema, lakini walikuwa na seminari Rubya tangu mwaka 1904, mapadre wazalendo wa kwanza walipewa daraja mwaka 1917, na Laurean Rugambwa akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952. Tofauti ilikuwa ya uamuzi wa wakubwa, wala haikuwa ya uwezo wa waumini. Kwa haki, Joseph Kilasara, askofu huyo wa mwaka 1960, alikuwa mwana wa shirika lenyewe, na Joseph Sipendi, aliyemfuata mwaka 1968, alikuwa naye mtoto wa nchi. Ila ucheleweshaji ule ni sehemu ya historia ya uongozi huu, na maadhimisho ya jubilei hayana sababu ya kuuruka.

Maisha ya maaskofu yamehifadhiwa vizuri Roma na Paris. Ombi langu ni kwa parokia za Kilema, Kibosho na Rombo: fungueni vitabu vya ubatizo, kaeni na wazee, andikeni majina ya makatekista wa kwanza na vihamba walivyotoka, wakati wajukuu wao bado wapo wa kuyasimulia.