Je, Mtu Mzima Aweza Kucheza?

Juma hili twauliza neno ambalo wengine wataliona dogo: mtu mzima, mwenye shamba, karo na vikao vya kanisa, aweza kucheza?

Hapa Embu wazee wetu wa kale wangalishangazwa na swali hilo. Kila rika lilikuwa na ngoma yake: vijana yao, waliooa yao. Mavuno yakiisha, jembe liliwekwa chini na watu wazima wakacheza pasipo haya. Jirani zetu wa Chuka, ng'ambo ya Mto Thuci, ngoma zao ndefu zimejulikana nchi nzima.

Mwaka 1906 Waingereza waliishinda Embu kwa bunduki. Mwaka 1910 CMS wakafungua misheni Kigari. Wamisionari wengi wa siku zile, kuuzunguka Mlima Kenya, waliwakataza waumini ngoma. Hatuwalaumu kwa yote. Ngoma nyingine zilifuatana na ulevi na tohara ya wasichana, na kanisa lilikuwa na sababu ya kusema. Lakini walipoufunga mlango huo, hawakuwafungulia watu wazima mwingine. Watoto wa shule walipewa mpira. Baba na mama wakapewa mikutano. (Nasi tunaosema haya ni watu wa mikutano.)

Kisha kazi ikazidi. Katika miaka ya 1930 Waafrika wachache wa Embu, Meru na Kisii waliruhusiwa kupanda kahawa. Ikaja Hali ya Hatari, 1952. Tangu 1954 watu wengi wa Embu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, wakachimba matuta kwa kushurutishwa. Zamani walilima kwa zamu shamba la kila mwenzao, wakiimba na kula pamoja. Sasa kulima pamoja kukawa adhabu. Mwaka huo huo wa 1954 mpango wa Swynnerton ukapanua kahawa na chai kwa wenyeji. Kahawa ilitupa karo na mabati, twashukuru. Lakini haingoji: huchumwa na kupelekwa kiwandani siku iyo hiyo, kisha kupogoa, kisha dawa. Aliyeketi kivulini akahesabiwa mvivu.

Basi aibu yetu twajua ilikotoka. Haikutoka katika Biblia. Mfalme Daudi, mwenye ufalme mzima wa kuangalia, alicheza mbele ya sanduku la agano. Aliyeona aibu ni Mikali, dirishani. Mtasema ile ilikuwa ibada. Ni kweli, lakini miguu ilikuwa ya mtu mzima.

Siku ya mavuno kanisani, akina mama huleta vikapu mbele wakicheza, hata wenye mikongojo. Akina baba husimama tu, mikono mfukoni. Lakini mzee mmoja tumjuaye alitoka kwenye benchi, akamkabidhi jirani kofia yake, akacheza hadi mbele. Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Jumatatu asubuhi mzee alikuwa kwenye kahawa yake kama kawaida, na mkewe kando yake, bado akicheka.