Mhubiri ni Mlinzi, Si MC wa Mheshimiwa

Jumapili ya tarehe 30 Juni 2024 nilienda kanisa nikiwa na hamu ya kusikia kitu kimoja tu. Siku tano kabla, vijana wa rika langu walikuwa wamepigwa risasi wakiandamana Bunge, Nairobi. Nilikaa nyuma na maboyz wawili wa mtaa wetu, tukingoja pasta aseme neno. Pasta akahubiri fungu la kumi. Halafu akatangaza harambee ya paa na kutuambia ni mheshimiwa yupi atakuwa mgeni wa heshima. Waliokufa hawakupata hata sala ya kufunga ibada.

Mmoja wa wale maboyz aliniambia tukitoka, "Mimi huku sirudi." Na kweli hajarudi.

Najua mtu atasema mhubiri kazi yake ni roho za watu, siasa awaachie wenyewe. Sawa. Lakini fungua Ezekieli sura ya 33. Pale mjumbe wa Mungu anaitwa mlinzi. Akiona upanga unakuja na asipige tarumbeta, damu ya watu inadaiwa mkononi mwake. Hiyo ni Biblia, si Twitter. Na hapa Kenya tumewahi kuwa na walinzi wa aina hiyo, ila shuleni tuliwapitia haraka haraka.

Anza na Januari 1, 1990. Kenya ilikuwa ya chama kimoja, KANU, na kumpinga Moi kulikuwa kujitafutia kizuizi. Kura zenyewe mwaka 1988 zilipigwa kwa mlolongo: unasimama kwenye foleni nyuma ya mgombea wako, kila mtu anakuona. NCCK, baraza la makanisa, lilikuwa limeukataa mlolongo tangu 1986, na makanisa mengine yakajitoa kwenye baraza kwa sababu hiyo. Sasa siku hiyo ya mwaka mpya Mchungaji Timothy Njoya akapanda mimbarini St. Andrew's, kanisa la PCEA Nairobi. Akatazama vile tawala za chama kimoja zilikuwa zinaanguka Ulaya Mashariki, akauliza Afrika itakaa hivi mpaka lini. Wanasiasa waliwaka moto. Lakini Askofu Henry Okullu wa Kisumu naye akadai vyama vingi, na kufikia Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kilikuwa kimefutwa. Hawakuwa wahubiri peke yao, kulikuwa na wanasiasa, mawakili na raia waliofungwa. Ila tarumbeta ilikuwa imepigwa mapema, tena kanisani.

Mwingine ni Alexander Muge, askofu wa Anglikana wa Eldoret. Huyu kabla ya kuvaa kola alikuwa GSU, kwa hivyo nguvu ya serikali aliijua kutoka ndani. Alisema waziwazi kuhusu unyakuzi wa ardhi, ufisadi na njaa ya watu wa Pokot. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya hadharani yeye na Okullu kwamba wakikanyaga Busia huenda wasitoke hai. Muge angetuma barua tu. Angesema gari limeharibika. Tarehe 14 Agosti alienda Busia, akakaa na waumini wake, akaanza safari ya kurudi. Karibu na Kipkaren gari lake likagongana na lori, akafa. Okondo alijiuzulu, dereva wa lori akafungwa, na mpaka leo Wakenya wanabishana kama ile ilikuwa ajali. Mimi sina jibu la hilo. Ninachojua ni kwamba alitishwa na akaenda, kwa sababu watu wake walikuwa kule.

Kisha kuna kazi ya kufungua mlango. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula Uhuru Park, wakiwa na Wangari Maathai. Machi 3 polisi wakawarushia gesi na kuwapiga, na baadhi ya mama hao wakavua nguo, laana ambayo kila Mwafrika anaielewa. Wakaenda wapi? All Saints Cathedral, hapo tu karibu. Kanisa likawapokea na wakakaa humo hadi mwaka uliofuata. Hebu fikiria: si kulala usiku mmoja, ni karibu mwaka mzima wa wageni ambao serikali haitaki kuwaona. Saba Saba ya 1997 polisi waliingia katika kanisa hilo hilo na kupiga watu ndani.

Lakini tusidanganyane kwamba zamani wote walikuwa malaika. Baada ya uchaguzi wa 2007 wahubiri wengi walikuwa wamechukua upande wa kabila lao. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Eldoret ile ile ya Muge. Mwezi uliofuata NCCK iliomba msamaha hadharani kwa kuegemea upande. Ilichelewa, ndio. Bado kukiri kosa ni sehemu ya kazi ya mhubiri, na ni wachache sana wanaoiweza.

Na isiseme mtu kwamba siku hizi haiwezekani. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia kwenye mimbari za Anglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Katoliki aliagiza pesa ambazo rais alitoa kwa kanisa moja la Nairobi zirudishwe. Bahasha inarudishika, jameni.

Kwa hivyo pasta wangu, kama unasoma hii: sikuombi uandamane. Nakuomba upige tarumbeta, ufungue mlango, utufuate tuliko, na ukikosea useme umekosea. Paa litajengwa pole pole na sadaka zetu za mia mia. Ila yule boy aliyetoka na mimi siku ile bado hajarudi, na hakuna mheshimiwa atakayeenda kumtafuta. Hiyo ni kazi yako.

Na wewe msomaji, ile Jumapili kwenu mhubiri alisema nini?