Mandari ya Ziwa Tanganyika

Msafiri aliyetoka Bagamoyo kwa miguu, akapita Ugogo penye uhaba wa maji na hongo zisizokwisha, alipowasili Tabora alikuwa bado hajalifikia alilolikusudia, kwani mji ule, pamoja na tembe zake na miembe yake, ulikuwa njia panda: njia moja ikielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na nyingine magharibi hadi Ujiji, kwenye maji.

Wageni wa Ulaya waliyatamani maji hayo kupita kiasi. Machi 1858 Speke, akivuka ziwa kwenda Kasenge kutafuta jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim, alikumbwa na dhoruba usiku, na mbawakawa akamwingia sikioni. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, isifae kitu, akamchokoa kwa kisu, na kwa miezi mingi sikio lile likawa ziwi. Na jahazi lenyewe asilipate.

Stanley alikuwa na bahati njema zaidi. Vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, ambavyo Agosti 1871 vilimwua Khamis bin Abdallah, Mwarabu wa Tabora, na kuifunga njia ya magharibi, vilimlazimu kuzunguka kusini ndipo afike Ujiji. Na Novemba ya mwaka huohuo yeye na Livingstone, aliyemkuta huko, wakajipakia katika mtumbwi uliochongwa kwa gogo la mvule wa Ugoma, wenye wapiga kafi 16, wakaambaa na pwani ya Urundi hadi ncha ya kaskazini, wakayakinisha kwamba mto Rusizi waingia ziwani wala hautoki. Livingstone, kwa mzaha, akaiita safari ile mandari. Kwa walioketi na kuzungumza huenda ilikuwa hivyo. Sidhani wapiga kafi wangaliliridhia jina hilo, watu wa ziwa ambalo kwa desturi yake rasi ya Kabogo haikupitwa bila kutupa shanga na nguo majini ili Mulungu awe radhi.

Tarehe 27 Desemba Stanley na Livingstone walishika tena maji kuelekea kusini hadi pwani ya Tongwe, ndipo waifuate nchi kavu mpaka Kwihara, kando ya Tabora, walikowasili 18 Februari 1872. Mabwana walikuwa mitumbwini. Wenzao wengine wa msafara, pamoja na mbuzi, walikwenda kwa miguu ufukweni, wakingoja kuvushwa kila walipofika mlango wa mto.