SQ Haiko Kwenye Orodha

Shosho wangu aliishi Milimani miaka kumi na tisa bila kulala ndani ya nyumba kubwa hata siku moja. Alilala SQ, chumba kimoja cha mawe nyuma ya jikoni. Nikiwa mdogo nilikuwa naambia watu shuleni eti kwetu ni Milimani. Sikuwa nadanganya, ila sikuwa namalizia sentensi.

Mwaka jana nyumba hiyo ilibomolewa. Vigae na milango vilishushwa polepole, vikauzwa. SQ haikuwa na cha kuuza. Iliisha asubuhi moja, na sasa pale kuna msingi wa ghorofa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo historia naisoma kwa miguu. Nilitaka kujua: huku kwetu, ni wapi serikali imesema pasiguswe?

Kwanza, Milimani yenyewe. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukagawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walijenga juu, upande wa Menengai, kwenye hewa safi. Waafrika wakawekwa chini. Majina yenyewe yanakuchorea ramani: Milimani, Bondeni. Mwafrika aliyelala juu ni yule aliyehitajika mapema asubuhi: mpishi, yaya, mtu wa shamba. SQ ilijengwa kwa sababu hiyo.

Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo la umri wowote kuwa turathi ya kitaifa, kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Hayo maneno "umri wowote" yalinipa moyo. Si lazima nyumba iwe ya kale, mradi iwe na maana kwa watu.

Nikapanda matatu hadi Njoro, kwenye jumba la Lord Egerton. Maurice Egerton alianza kulijenga 1938, likakamilika 1954, naye akafa 1958. Watu husimulia kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa. Leo maharusi huenda kupiga picha pale. Ni jumba zuri, sikatai, na limelindwa. Lakini nilipokuwa nazunguka vyumba nilikuwa najiuliza swali moja tu: waliokuwa wanafua hizi shuka walilala wapi?

Jibu la maana nililipata Hyrax Hill, hapo tu kando ya barabara ya Nairobi. Mary Leakey alichimba huko 1937, na mwaka 1943 mahali hapo pakatangazwa kuwa turathi. Na kinacholindwa ni nini? Si jumba la mtu yeyote. Ni makaburi, vipande vya vyungu, mashimo yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe, na bao lililochongwa kwenye mwamba. Hatujui jina la hata mtu mmoja aliyeishi pale, na bado tumekubali kwamba maisha yao yana thamani.

Kumbe inawezekana kulinda makao ya watu wa kawaida. Inaonekana tu lazima kwanza wawe wamekufa zamani sana.

Sisemi kila SQ ihifadhiwe. Watu wanahitaji nyumba, na mimi mwenyewe nalipa kodi. Lakini Milimani ibakizwe hata boma moja zima, nyumba kubwa pamoja na chumba cha nyuma, ili mtoto aone umbali kati ya milango hiyo miwili. Ni hatua kama ishirini. Nilizihesabu nikiwa mdogo.

Mwezi uliopita nilimpeleka Shosho Hyrax Hill. Nikamwonyesha lile bao kwenye jiwe, nikamwambia watu waliishi hapa. Akainama, akapitisha kidole kwenye vishimo kimoja kimoja.

"Hawa walikuwa na nafasi ya kucheza," akasema.