Mauaji ya Mkungugu na Heshima ya Ulimi

Jinai nyingi hutendeka, huhukumiwa, kisha husahauliwa. Mauaji yaliyotokea katika kijiji cha Mkungugu, tarafa ya Isimani, mkoani Iringa, siku ya Krismasi ya mwaka 1971, hayakusahauliwa. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado masimulizi yake ni mawili: moja la kiongozi mwadilifu aliyeuawa akitumikia taifa, la pili la mkulima aliyedhalilishwa mpaka akashindwa kuvumilia. Katika insha hii hatukusudii kuchagua moja na kulitupa la pili. Twataka kutazama kile kilichosimama kati ya watu wale wawili, nacho ni neno.

Aliyeuawa ni Dakta Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, msomi aliyekuwa na shahada ya udaktari wa falsafa. Aliyemuua ni Said Mwamwindi, mkulima. Isimani ilikuwa nchi ya mahindi. Watu walikuwa wamefyeka pori, wakanunua matrekta, na baadhi yao wakawa na mashamba makubwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, siasa ya vijiji vya ujamaa iliwataka wakulima waungane na kulima pamoja. Kwa wasio na kitu, hilo lilikuwa tumaini. Kwa aliyefyeka pori kwa jasho lake, ilikuwa hofu ya kupoteza alichokichuma. Dakta Klerruu alijulikana kwa bidii kubwa ya kuitekeleza siasa hiyo, wala hakungoja taarifa mezani, bali alikwenda mashambani mwenyewe.

Siku ile alifika Mkungugu akiendesha gari mwenyewe, akamkuta Mwamwindi katika shughuli za shamba. Yakazuka maneno. Mwamwindi alidai kwamba alitukanwa, na masimulizi mengi hutaja makaburi ya jamaa zake yaliyokuwa karibu. Alichukua bunduki yake, akampiga risasi Mkuu wa Mkoa, akamuua. Kisha aliuweka mwili ndani ya gari lile lile la marehemu, akaliendesha hadi mjini Iringa, akajisalimisha polisi.

Kesi ilisikilizwa na Mahakama Kuu mwaka 1972, mbele ya Jaji Onyiuke. Utetezi ulitaja mambo mawili: kughadhibishwa na kurukwa na akili. Hapa msomaji na asimame kidogo, kwa maana sheria yetu ya kanuni za adhabu inagusa utamaduni moja kwa moja. Yasema kwamba mtu aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla, kutokana na tendo baya au tusi, kabla hasira yake haijapata muda wa kupoa, hahesabiwi kuwa ameua kwa kukusudia. Na ili kupima kama tusi lilikuwa zito kiasi hicho, hutazamwa mtu wa kawaida wa jumuiya ile anayotoka mshtakiwa. Maana yake ni kwamba mahakama haina budi kuuliza: katika watu hawa, neno gani halivumiliki? Kaburi la mzazi lina uzito gani?

Mahakama ilizipima hoja hizo, ikazikataa. Mwamwindi alitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Nasi twaona kuwa haki haikuweza kusema vingine. Tusi hujibiwa kwa tusi, au kwa kimya, au kwa mashtaka, lakini halijibiwi kwa roho ya mtu. Taifa ambalo kila aliyetukanwa hufuata bunduki haliwezi kudumu mwaka mmoja.

Lakini yapo mengine ya kukumbuka. Mwezi Februari wa mwaka ule ule wa 1971, chama cha TANU kilitoa Mwongozo wake, na kifungu cha 15 kiliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na ubabe mbele ya wanaoongozwa. Haukupita mwaka kabla ya msiba wa Mkungugu. Hatusemi kwamba marehemu alikivunja kifungu hicho, kwa sababu maneno ya shambani tumeyapokea kwa sehemu kubwa kutoka kwa aliyeua, naye aliyeuawa hakupata nafasi ya kueleza upande wake. Maiti hana ulimi. Kila asimuliaye kisa hiki kwa kumcheka marehemu na akumbuke jambo hilo. Twasema tu kwamba taifa lilikwisha kuliona tatizo, likaliandika, kabla damu haijamwagika.

Leo Chuo cha Ualimu cha Klerruu kipo mjini Iringa, na vijana husoma humo ili wakafundishe wenzao. Jina la chuo ni kumbukumbu njema. Sisi tuliokula chumvi ya ofisi za serikali twapenda wajifunze pia kisa chenyewe. Wahenga walisema ni heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo humwonya mwenye cheo achunge asemalo, nayo haimpi mwenye bunduki ruhusa yoyote.