Dhara la Pafu: Historia ya Istilahi Moja ya Upasuaji wa Moyo

Tulipofika Tingi, wilayani Kilwa, kuwasomea wenyeji rasimu ya istilahi za upasuaji wa moyo, mzee mmoja alituuliza: "Wanangu, moyo ukisimamishwa, mapafu nayo yanafanya nini?" Swali hilo lilitutanabahisha kwamba orodha yetu ilikuwa na upungufu.

Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Marekani, Daktari John Gibbon alimpasua moyo msichana wa miaka 18 huku mashine ikishika kazi ya moyo na mapafu kwa dakika 26. Msichana alipona. Lakini kadiri upasuaji huo ulivyoenea, ilidhihirika kwamba wagonjwa wengine, ingawa mioyo yao ilikwisha kutengenezwa vyema, walishindwa kupumua. Katika miaka ya 1960 hali hiyo ikaitwa "pafu la pampu".

Sababu zake ni kadhaa. Mapafu yaliyopumzishwa hukosa hewa, na damu iyafikiayo huwa haba. Aidha, damu igusapo mipira ya mashine huchachamaa kana kwamba imekutana na adui. Seli nyeupe hukwama katika vishipa vya mapafu na kuharibu kuta za vifuko vya hewa, hata maji yakapenya. Hakuna kisu kilichogusa pafu. Ndipo neno "jeraha", tulilokuwa tumeliandika, lilipotushinda: msikilizaji wa pwani, ajuaye jeraha la panga na la mwiba wa taa, hudhani mganga ameteleza mkono. Tunapendekeza "dhara la pafu", na "mchochota" kwa kule kuchachamaa. (Wapo wenzetu waonao kwamba mchochota ni wa ngozi tu, hatuafikiani nao.)

Neno "kinga" nalo tumeliacha, kwani aghalabu humfanya mtu atarajie hakika kama ya chanjo. Waganga hupuliza hewa kidogo kidogo, takriban mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito ulingano na kimo cha mgonjwa, na wengine huendelea kuyapa mapafu hewa hata mashine ifanyapo kazi. Hata hivyo, utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2019 haukuona nafuu dhahiri katika njia hiyo ya pili. "Hifadhi ya mapafu" yatosha.

Jambo hili si la kamusi tu. Upasuaji huu ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikaanzishwa mwaka 2015. Hapo awali wagonjwa wengi walipelekwa India. Leo mtu wa Kilwa hutia sahihi ya ridhaa Dar es Salaam, nayo ridhaa yataka maneno anayoyaelewa.

Kwa pafu lililokosa hewa tulikuwa tumeandika "kuporomoka". Mzee yule alipoelezwa, alitikisa kichwa. "Tanga likikosa upepo haliporomoki," alisema, "linanywea." Tumefuta letu, tukaandika "kunywea kwa pafu".