Vijana Wasioona wa Mwaka 1969

Mwaka 1969 mambo mawili yalitokea kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kila moja upande wake wa mpaka. Moshi ilianzishwa shule ya kimataifa, ili watoto wa madaktari na wataalamu wa kigeni waliokuja kwa ajili ya hospitali mpya ya KCMC wapate pa kusoma. Loitokitok, upande wa Kenya, vijana wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa wakifanya mazoezi ya kupanda mlima. Shule ile inajulikana mpaka leo. Tangu 2019 inaitwa UWC East Africa. Vijana wale wamesahaulika.

Aliyeipanga safari yao alikuwa John Wilson, Mwingereza aliyepofuka akiwa na miaka 12, kemikali zilipolipuka darasani. Alisoma sheria Oxford, na mwaka 1950 akaanzisha chama cha kuwahudumia wasioona katika makoloni ya Uingereza, ambacho leo ni Sightsavers. Siku hizo shule za wasioona huku kwetu zilikuwa za kuhesabika, nazo zilianzishwa na misheni, kama ile ya Buigiri mkoani Dodoma. Watoto wengi wasioona walibaki nyumbani, na si kwa sababu walichukiwa: wazazi hawakuamini kwamba kuna wanachoweza. Imani ya namna hiyo haivunjwi na hotuba ya bwana kutoka London. Ilitakiwa ionekane kwa vitendo, na mahali ambapo kila mtu anajua ni pagumu.

Loitokitok palikuwa na shule ya mlimani ya Outward Bound, harakati iliyoanza Wales mwaka 1941 kwa fikra za Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyeukimbia utawala wa Hitler. Hahn huyohuyo ndiye mwasisi wa vyuo vya UWC, na cha kwanza kilifunguliwa 1962. Kwa hiyo fikra zake ziliufikia mlima huu kwa mlango wa Kenya kwanza, na kwa ule wa Moshi mwaka 2019.

Kwa upande huo wa kaskazini, njia hupita msituni na nyikani hadi kwenye kibanda kilicho kwenye mita 4,750 hivi, ambacho zamani kilibeba jina la Outward Bound na sasa huitwa School Hut. Juu ya hapo ni kokoto tupu: unapanda hatua mbili, unateleza moja. Desturi ya wapandaji ni kuondoka usiku wa manane, baridi ikiwa imezigandisha kokoto hizo. Saa hiyo mwenye macho haoni zaidi ya visigino vya mwenzake kwenye mwanga wa taa. Asiyeona anakwenda kwa fimbo, kwa sikio na kwa unyayo, kama alivyokwenda mchana kutwa. Kinachowarudisha watu pale ni uchache wa hewa, nao hauangalii nani anaona.

Vijana wale walifika kileleni, miaka michache tangu Luteni Alexander Nyirenda asimike mwenge na bendera ya Tanganyika huko juu wakati wa uhuru.

Mwaka 2005 Douglas Sidialo, Mkenya aliyepoteza macho katika mlipuko wa bomu wa 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, aliupanda mlima pamoja na Erik Weihenmayer, Mmarekani asiyeona aliyekuwa amefika kilele cha Everest mwaka 2001. Kazi kubwa, na anastahili sifa zake. Lakini aliitwa Mwafrika wa kwanza asiyeona kufika kileleni, na hapo waandishi waliteleza kwa miaka 36.

Leo katika Shule ya Msingi Mwereni, mjini Moshi, watoto wasioona na wenye ualbino wanasoma pamoja na wenzao. Mashine ya nukta nundu ina vitufe sita vya nukta, hupigwa kwenye karatasi nene, na ina kelele. Darasa jumuishi huizoea. Wageni wanaweza kuleta mashine kama hiyo, lakini mwalimu anayeisoma kazi iliyopigwa humo sharti awepo mwaka mzima.

Vijana wa 1969, walio hai, sasa wamepita miaka 70. Mwenye picha, barua au majina yao, Moshi, Kampala au Nairobi, aandike sasa wakati wenyewe bado wanaweza kumsahihisha.